Kondoo Aliyejitibu

Ukitaka kujua jinsi mwili unavyomfukuza mnyoo, usianze na daktari. Anza na kondoo. Najua inasikika kama mzaha, lakini mengi tunayoyajua leo kuhusu vita kati ya utumbo na minyoo yalianza malishoni, yakapitia maabara za panya, ndipo yakafika kwa binadamu. Na sehemu moja ya historia hiyo ilitokea hapa kwetu, kwa kondoo ambao watu walikuwa wameanza kuwaona wa kizamani.

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi za umma tunaijua historia hii kwa upande mmoja tu: kidonge. Mnapangwa foleni, mwalimu anakupa tembe ya albendazoli, unaitafuna mbele yake, unafungua mdomo aone umemeza, unarudi darasani na ladha ya chaki ulimini. Hadithi tuliyopewa ilikuwa fupi: kidonge kinashuka tumboni kama askari wa kanjo, kinampiga mnyoo rungu, kesi imeisha.

Hadithi hiyo si ya uongo, ila imekatwa nusu. Mwili wenyewe una mbinu zake za kumtoa mnyoo, na kwa karibu miaka 100 watu wamekuwa wakijaribu kuzielewa, na hata kuzichochea kwa kemikali. Nimeamua kuifuatilia hiyo nusu nyingine kwa sababu moja: kidonge kinaanza kuchoka.

Tuanze na Norman Stoll, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa kuhesabu mayai. Mwaka wa 1923 alitoa njia ya kupima kinyesi cha mgonjwa na kuhesabu mayai ya safura chini ya hadubini, ili ijulikane mgonjwa amebeba mzigo kiasi gani. Si kazi ya kujigamba nayo mbele ya wakwe, lakini bila hesabu hiyo hungeweza kujua kama mtu anapona au anazidiwa. Baadaye, akiwa katika Taasisi ya Rockefeller kule Princeton, Stoll alihamishia hesabu zake kwa kondoo.

Mnyoo aliyemfuatilia anaitwa Haemonchus contortus. Anaishi katika tumbo la nne la kondoo, anafyonza damu, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Kondoo akishabebeshwa maelfu ya hawa, damu inamwishia. Ukimfunua kope unakuta ndani kweupe kama karatasi. Maji yanajikusanya chini ya taya. Mwishowe anaanguka.

Stoll aliwaacha wana-kondoo wajilishe penye mabuu ya mnyoo huyo. Mayai kinyesini yakapanda wiki baada ya wiki, kama bei ya unga. Halafu, bila dawa yoyote, yakaporomoka karibu na sufuri. Zaidi ya hapo, kondoo walewale waliendelea kula majani yaleyale na hawakuelemewa tena kama mwanzo. Katika makala yake ya 1929, Stoll alilipa tukio hilo jina ambalo kwa Kiswahili tungesema kujiponya.

Swali likabaki: wamejiponya vipi? Miaka ya 1950 mtafiti D. F. Stewart wa Australia alionyesha kwamba fataki ilikuwa ni ujio wa mabuu wapya. Mwili ulikuwa umeshamfahamu adui. Mabuu wapya walipotua, utando wa tumbo ukalipuka kwa hasira, ukavimba, ukatoa maji na ute, na fujo hiyo ikawasomba hata minyoo wazee waliokuwa wamejituliza. Stewart alipopima damu, alikuta histamini imepanda. Na histamini unaijua, hata kama hujawahi kuitaja kwa jina. Ndiyo inayokufanya upige chafya na kujikuna macho vumbi likitimka Nairobi, na ndiyo unayojaribu kuizima ukimeza setirizini. Weka hilo kiporo, tutalirudia.

Sasa ingia dawa. Mwaka wa 1966, watafiti wa kampuni ya Janssen kule Beerse, Ubelgiji, walitangaza dawa mpya ya minyoo wa mifugo iitwayo tetramisoli. Molekuli yake ina sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na punde ikajulikana kwamba sura ya kushoto ndiyo inayofanya kazi. Hiyo wakaiita levamisoli. Inavyofanya kazi ni rahisi kueleza: inabana misuli ya mnyoo mpaka akakamaa. Mnyoo wa tumboni haishi kwa kukaa tu. Lazima ajishikilie na kuogelea dhidi ya mkondo, maana utumbo unasukuma chini mchana na usiku. Akikakamaa, utumbo unamalizia kazi. Kwa hiyo hata hapa, dawa inamwachisha mnyoo mlango, na mwili ndio unaomtoa nje.

Mwaka wa 1971 likaja jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Wafaransa wawili, Gérard na Micheline Renoux, walikuwa wakiwachanja panya dhidi ya bakteria wa Brucella. Wakaona kwamba panya waliopewa levamisoli pamoja na chanjo walilindwa vizuri zaidi. Hapakuwa na mnyoo yeyote katika hadithi hiyo. Dawa ya kondoo ilikuwa imeamsha kinga ya panya.

Hebu fikiria msisimko uliofuata. Kidonge cha bei ya chini, kinachojulikana kila mahali, na ati kinaamsha kinga! Katika miaka ya 1970 levamisoli ilijaribiwa kwa magonjwa mengi, yakiwemo ya viungo. Shida ni kwamba kwa baadhi ya watu iliangusha seli nyeupe za damu kiasi cha kuhatarisha maisha. Kinga si redio, useme utaongeza sauti tu bila kuharibu kitu kingine. Hata hivyo, mwaka wa 1990 Marekani iliiruhusu itumike pamoja na dawa ya fluorourasili kwa wagonjwa waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana.

Hapo ndipo bei ikazua kelele. Mwaka wa 1992, Charles Moertel wa Mayo Clinic, daktari aliyekuwa ameongoza majaribio hayo ya saratani, alisimama hadharani na kulalamika kwamba mgonjwa anauziwa levamisoli kwa bei ya takriban mara 100 ya ile anayolipa mkulima kwa kondoo wake. Kampuni ilijitetea kwa gharama za utafiti. Dawa nyingine zikaja zikaonekana bora, na mwaka wa 2000 levamisoli ya binadamu ikaondolewa sokoni Marekani. Kondoo wakabaki nayo. Nayo bado imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, kwa kazi yake ya kwanza: minyoo wa tumbo.

Wakati Wazungu wakigombania chupa, turudi nyumbani, maana Kenya ilikuwa na maabara ya aina yake: mvua na majani. Mwaka wa 1973 E. W. Allonby na G. M. Urquhart walichapisha matokeo ya kufuatilia kondoo wa Merino waliokuwa wakilishwa hapa nchini. Waliona kujiponya kwa Stoll kukitokea malishoni kwa macho yao, mara baada ya mvua. Lakini kulikuwa na kitendawili. Wana-kondoo wachanga, ambao kinga yao haikuwa imekomaa, nao walijiponya karibu wakati mmoja na wakubwa. Basi haiwezi kuwa ni kinga peke yake. Wakashuku kitu kilichomo katika majani mabichi yanayochipuka. Ninaipenda makala hiyo kwa sababu inakataa jibu jepesi. Mwili, mnyoo na malisho vinacheza mchezo mmoja.

Miaka sita baadaye, 1979, Allonby akiwa na mwenzake J. M. Preston alichapisha ulinganisho wa aina mbalimbali za kondoo Kenya. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, yule mwenye manyoya mafupi ya rangi ya udongo na mkia wa mafuta, alibeba minyoo wachache kuliko wageni. Yaani wakati wenye mashamba makubwa walikuwa wakilea Merino kwa chupa za dawa, Wamaasai walikuwa na mnyama ambaye sehemu ya dawa alikuwa nayo ndani.

Na tulifanya nini na habari hiyo? Katika miaka hiyohiyo ya 1970, mpango wa kusambaza kondoo wa Dorper kutoka Afrika Kusini ulikuwa ukipamba moto. Dorper ni mnyama mzuri, tuseme ukweli. Anakua haraka, ana nyama, na mchinjaji anampenda. Wafugaji walianza kuwapandisha madume wa Dorper kwa majike wekundu, kizazi baada ya kizazi, mpaka leo kupata Red Maasai halisi ni kazi.

Kati ya 1991 na 1996, shirika la utafiti wa mifugo ambalo leo linaitwa ILRI liliwaweka Red Maasai na Dorper pamoja Diani, kwenye joto na unyevu wa Pwani, mahali ambapo Haemonchus hana likizo. Wana-kondoo wa Red Maasai walitoa mayai machache ya minyoo, damu yao ilibaki nzito zaidi, na walikufa wachache kuliko wa Dorper. Uwezo huo ni wa kurithi, haununuliwi kwa chupa. Kwenye nyanda kavu, Dorper hujikimu vizuri tu. Lakini mvua ikinyesha na minyoo wakiamka, hesabu inageuka.

Mpaka hapo tulijua kwamba mwili unaweza. Hatukujua unatumia nini. Jibu lilitoka kwa panya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Joseph Urban, Fred Finkelman na wenzao Marekani walichunguza kemikali za ujumbe ambazo seli za kinga hutumiana, ziitwazo intaleukini. Ukimzuilia panya intaleukini-4, anashindwa kumtoa mnyoo ambaye kwa kawaida angemtoa. Ukimdunga intaleukini-4 ya kutosha, mnyoo sugu anatoka. Hiyo haikuwa sumu ya minyoo hata kidogo. Ukimtumbukiza mnyoo ndani yake hatajali. Ni amri kwa utumbo: kaza misuli, mwaga maji, tengeneza ute, toa mgeni.

Lakini nani anapiga kengele ya kwanza? Mnyoo ni mkubwa, hawezi kumezwa na seli kama bakteria. Jibu lilikuwa limekaa mbele ya macho ya watu tangu 1956, mwaka ambao zilielezwa seli adimu zenye kishungi kidogo juu yake, kama nywele za mswaki. Kwa miaka 60 hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika zinafanya nini. Halafu mwanzoni mwa 2016 vikundi vitatu, viwili Marekani na kimoja Ufaransa, vikatoa jibu karibu kwa pamoja. Seli hizi za kishungi ni walinzi wa lango. Zina vipokezi kama vile vya ulimi vinavyoonja. Zikimwonja mnyoo zinatoa intaleukini-25, ambayo inaamsha seli za kinga zilizo jirani, nazo zinatoa intaleukini-13. Hiyo inarudi kwenye ukuta wa utumbo na kuamuru zizaliwe seli nyingi zaidi za kishungi na seli nyingi zaidi za ute. Baada ya siku chache ukuta mzima umebadilika. Mnyoo aliyelala kwenye kitanda kikavu anajikuta anateleza kwenye bamia.

Mwaka wa 2021 watafiti wakaripoti kwamba seli hizo huongezeka pia kwenye tumbo la kondoo mwenye Haemonchus. Karibu miaka 100 baada ya Stoll, tukio lake limepata mashine yake.

Sasa utauliza, si basi tutengeneze sindano ya intaleukini-25, kila mtoto adungwe, tumalize hii story? Hapa ndipo ile histamini tuliyoiweka kiporo inarudi. Silaha zinazomfukuza mnyoo ndizo zilezile zinazoleta pumu, ukurutu na mafua ya mzio. Intaleukini-4 na 13 zikiamka bila mnyoo, zinajaza ute kwenye mapafu badala ya utumbo. Ndiyo maana kuna dawa iitwayo dupilumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2017, inayofanya kinyume kabisa: inaziba mlango wa intaleukini hizo mbili ili kutuliza ukurutu mkali na baadaye pumu. Soma karatasi ya maelezo yake na utakuta onyo: kama mgonjwa ana minyoo, atibiwe minyoo kwanza. Onyo hilo ni ushahidi tosha. Ukizima kengele kwa sababu ya pumu, umezima pia kengele ya mnyoo.

Na mnyoo mwenyewe si mjinga. Amekaa nasi tangu zamani za kale, na ana duka lake la dawa. Mwaka wa 2017 ilionyeshwa kwamba mnyoo mmoja wa panya hutoa protini inayoiga kemikali ya mwili inayotuliza kinga, na nyingine inayonasa ujumbe wa hatari kabla haujasambaa. Yaani tukitafuta kemikali za kuchochea kinga, yeye alishatengeneza za kuituliza. Ndiyo sababu mtoto anaweza kuishi na chango kwa mwaka mzima bila mwili wake kupiga kelele, na ndiyo sababu baada ya kidonge anaambukizwa upya. Kinga yetu dhidi ya minyoo hujengeka polepole na haikamiliki.

Watu takriban bilioni 1.5 duniani wana minyoo wanaoambukizwa kupitia udongo. Kenya tumefanya kazi ya maana. Utafiti ulioanza Busia mwaka wa 1998 katika shule 75 ulionyesha kwamba kuwapa watoto dawa ya minyoo kunapunguza utoro shuleni, na mmoja wa watafiti wake, Michael Kremer, alikuwa kati ya watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019. Kutoka 2012 mpango wa kitaifa umekuwa ukiwafikia mamilioni ya watoto kila mwaka. Siandiki haya kukidharau kidonge. Kidonge hicho kimewarudisha watoto darasani.

Lakini kondoo wametuonya. Thiabendazoli, dawa ya kwanza ya ukoo wa albendazoli, ilitoka mwaka wa 1961. Kufikia 1964 tayari kulikuwa na ripoti ya minyoo wa kondoo waliokuwa wameizoea. Miaka mitatu tu. Ukoo baada ya ukoo ukafuata njia hiyo, levamisoli ikiwemo, na Kenya nayo haikusazwa. Mjomba wangu ana agroveti Kitengela. Nikikaa naye dukani Jumamosi, nasikia sentensi moja ikijirudia kutoka kwa wafugaji: "Mzee, hii dawa siku hizi haishiki." Yeye anawauliza kwanza wamempa kila kondoo kipimo gani, maana wengi hukadiria uzito kwa jicho, na kipimo pungufu ndicho shule ambayo minyoo husomea usugu. Halafu anawauliza swali la pili: "Bado una wale wekundu?" Mara nyingi jibu ni kicheko.

Kwa binadamu bado hatujafika huko. Lakini tayari tembe moja ya albendazoli ni dhaifu mbele ya mnyoo mwenye umbo la mjeledi anayejichomeka kwenye utumbo mpana, na dawa zilizobaki kwenye rafu ni chache. Tukitegemea aina moja ya rungu kwa mamilioni ya watoto, kila mwaka, tunajua historia inaelekea wapi. Kondoo walishaipitia.

Njia ya kinga haijafungwa. Mwaka wa 2014 Australia ilisajili chanjo ya kondoo iitwayo Barbervax, iliyotengenezwa kutokana na protini za utumbo wa Haemonchus mwenyewe. Mnyoo anapofyonza damu ya kondoo aliyechanjwa, anafyonza na kingamwili zinazoushambulia utumbo wake. Anashindwa kusaga chakula. Hakuna kilichopoozwa wala kulewesha. Ni damu ya kondoo ndiyo iliyogeuzwa dawa. Chanjo ya safura ya binadamu bado inatafutwa, na wanaoitafuta wanafuata wazo hilohilo.

Huku kwetu, wafugaji kadhaa wa Kajiado wameanza kurudisha damu ya Red Maasai kwenye mazizi yao, na ILRI inafuga kundi la wekundu hao katika ranchi ya Kapiti, hapo Machakos. Ukitoka Nairobi kuelekea Mombasa utalipita eneo hilo saa moja tu baada ya kuondoka. Wengi wetu tukiangalia dirishani tunaona mbuga tupu na kondoo wachache. Mimi siku hizi nikiwaona wekundu wakiinama kula majani ya mvua ya kwanza, najua kuna mabuu wanaingia nao, na kwamba ndani ya tumbo la nne seli zenye kishungi zimeshaanza kuonja.